Namba Iliyomla Jogoo wa Mwalimu

Bisha ukitaka: mimi niliyeishia darasa la tano nilimnyang'anya Mwalimu Sekiboko jogoo wake.

"Nikishindwa nitakulimia shamba mwaka mzima," nilimwambia. "Chagua tarakimu tatu, uziandike mara ishirini mfululizo ubaoni. Nitakutajia namba zinazoigawanya namba hiyo ndefu bila kubakiza."

"Mtoro wewe? Jogoo wangu naweka!" Akaandika 582582, akaendelea mpaka ubao ukajaa.

"Saba, kumi na moja, kumi na tatu!"

"Mwongo!"

Akagawanya, jasho likamtoka, chaki ikaisha. Hakikubaki kitu.

"Shikamoo, Mwalimu. Jogoo yuko wapi?"

Haya, nakiri nilichoficha: tarakimu tatu zozote ukiziandika mara mbili mfululizo, au ishirini, hugawanyika hivyo hivyo. Alinifundisha Mwalimu mwenyewe, wiki ya mwisho kabla sijatoroka shule.