Kijiko Mkononi mwa Mgonjwa

Sogeeni, wanangu. Uliye mlangoni ingia ndani, na anayenyonyesha amtulize mtoto kwanza. Nyamazeni kidogo, maneno yenyewe si mengi, yakikupita yamekupita.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye mumewe alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukaenda kando, maneno yakamkauka. Hospitali wakamruhusu, wakamwonyesha mama jinsi ya kumlisha: mketishe wima, mpe kijiko mkono wa kushoto, msubiri ameze. Akafanya hivyo kila siku. Uji ukamwagika kifuani, ukamwagika mkekani, mama akacheka, na mzee akacheka kwa upande wake mmoja. Wakaizoea hali yao.

Lakini wifi yake alitaka kaka yake akakae kwake mjini. "Wewe humwezi," alisema. "Unamwacha ahangaike na uji kama kifaranga!" Wakapatana muuguzi wa zahanati aje aone. Akisema mama anaweza, mzee abaki. Akisema hawezi, aende.

Siku hiyo mama alifagia hadi njia ya chooni. Akatandika shuka la wageni, akamlaza mzee kwenye mito kama bwana harusi. Muuguzi akaketi, akasema, "Haya mama, mlishe kama siku zote."

Jamani, mnadhani alifanya nini? Wifi amemkodolea macho! Mgeni amwone amekaa tu, mume anahangaika? Akashika kijiko mwenyewe, akamtia mzee uji mdomoni haraka haraka, hata tone lisidondoke.

"Unaona, nesi? Mimi hata mkono simwachi ainue."

Mzee akapaliwa, akakohoa mpaka machozi. Muuguzi akamwinua, akamwinamisha mbele hadi kifua kikatulia. Kisha akasema kwa upole, "Mama, kwa haya niliyoyaona, siwezi kusema abaki."

Wifi akasimama. "Si nilisema? Ngoja nikakusanye nguo zake."

Hapo mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akamnyang'anya mkewe kijiko. Akachota, akapeleka mdomoni, akameza taratibu. Nusu ikaangukia shuka la wageni. Akamtazama dada yake, akasema, "Hivi. Kila siku."

Wifi akaketi tena. Hakujua kama kaka yake anaweza kusema.

"Nani kamfundisha?" muuguzi akauliza.

Mama akainama. "Hospitali walinionyesha, mengine tumefundishana wenyewe. Leo nimeogopa mtaniita mvivu."

Muuguzi akacheka. "Basi abaki. Na wewe rudia uvivu wako."

Sasa sisi je? Mungu anatuona jikoni tukiwa na subira, hakuna anayetazama. Mchungaji akibisha hodi, mbona tunageuka watu wengine? Tunampokonya mgonjwa kijiko ili tusifiwe! Mwanangu, aliyekuja kukupima hakuja kuona shuka. Lile unalolifanya mlango umefungwa, lifanye vilevile mlango ukiwa wazi.

Yule mzee aliishi, akazeeka, akafa kwa uzee wake. Shamba lake la chai lilimwendea mkewe. Ng'ombe wake wa maziwa alimwendea wifi. Na wifi mwenyewe, miguu ilipomwisha nguvu, watoto wake wakamuuliza, "Mama, tukupeleke kwa nani?" Akawaambia, "Nipelekeni kwa yule niliyesema hawezi."