Wanja, Samaki wa Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na sebule na makochi kama sisi, wanangu, Kindi alikuwa na samaki mmoja tu. Alikuwa plati, samaki mdogo wa kufugwa kwenye tangi la kioo. Mwili wake ulikuwa mwekundu, ila mapezi yake meusi tii na mkia vilevile, kama aliyechovywa kwenye wanja. Basi Kindi akamwita Wanja.

Tena Wanja alikuwa mjamzito. Kila asubuhi Kindi alilisogelea tangi: "Mama, bado tu?"

Siku moja jirani yake Kiboko akaja kuazima.

"Jirani, kesho napokea wageni wa posa, na tangi langu limepooza. Niazime huyo wako. Wakiondoka tu, nakurudishia."

Wageni wakaja, wakala, wakaondoka. Wanja hakurudi. Kindi akamfuata.

"Ah, yule samaki?" Kiboko akajinyoosha kwenye kochi. "Pole, jirani. Alikufa."

Alikufa! Na Kindi anamwona yule pale, anaogelea, tumbo limetangulia! Damu ikamchemka.

"Kiboko, huna haya? Si yule mwenye mkia mweusi!"

"Plati ni plati. Hapa wote wekundu, na wote wangu."

"Wekundu wote? Yule kichwa cha njano, nyuma tu ndiko mwekundu. Yule mwekundu mtupu. Yule ana madoa tu, shinani mwa mkia. Mwenye mapezi meusi yote ni Wanja peke yake!"

"Mimi sioni tofauti."

Kindi akamwita Nyati, mwenyekiti wa mtaa. Nyati akaja, Kiboko akamtengea sinia la mihogo ya kukaanga. Nyati akala kwanza. Nyam! Nyam! Kisha akalitupia tangi jicho, hata kuinuka hakuinuka.

"Naona wekundu tu," akasema, mdomo umejaa. "Kindi, acha kusumbua wakubwa."

Jamani! Kindi ni mdogo, sawa, lakini mdogo ndiyo aibiwe mchana kweupe, na mwenyekiti anatafuna? Alitamani amrukie Nyati amng'ate sikio. Akajizuia. Akavuta pumzi, kisha akacheka kidogo.

"Kama amekufa, afadhali. Niliona aibu kusema. Ule weusi haukuwa rangi, mzee. Ni maradhi! Akibaki mmoja tu mwenye mkia ule, siku si nyingi tangi zima chali. Bora wewe huna. Kwaherini."

Hakufika mlangoni. Chubwi! Mkono wa Kiboko ulikuwa majini. Akampita wa kichwa cha njano, akampita mwekundu mtupu, hata yule wa madoa akamwacha. Akamnasa Wanja, hakukosea.

"Huyu! Huyu hapa mwenye mkia mweusi! Ondoa balaa lako nyumbani kwangu!"

Kindi alikwishakinga chupa ya maji aliyokuja nayo. Wanja akaingia, pwa!

"Asante, jirani. Mwenyekiti, umemsikia? Mwenzako ameanza kuona. Na wewe je?"

Nyati akapaliwa na muhogo. Kho! Kho! Akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Samaki ni wa Kindi."

"Na hayo maradhi?" Kiboko akauliza, akiupangusa mkono.

"Yapo," Kindi akajibu, "ila si ya samaki."

Siku chache baadaye Wanja akazaa vitoto tele. Kiboko akaja dirishani, mpole kabisa.

"Jirani, nipe japo kimoja. Kile chenye mkia mweusi."

"Kipi?" Kindi akauliza. "Mimi naona vyekundu tu." Akafunga dirisha, pa!

Basi, wanangu, kumbukeni: dhalimu si kipofu, huona vizuri sana pale hasara inapomgeukia yeye.