Malimbuko ya Shamba la Tanuri

Hapo zamani, ndugu zangu, Mungu akiwa ameshampa kila mtu jembe lakini si kila mtu udongo mzuri, aliishi huko milimani mwanamke aitwaye Nakijwa. Mume wake alikuwa mchomaji wa matofali. Alichimba udongo shambani kwake, akafyatua, akapanga tanuri, akachoma. Akahamia pembeni kidogo, akachoma tena. Kila nyumba imara ya kijiji kile ilisimama kwa matofali yake. Kisha akaugua, akafa, tukamwachia Mungu. Nakijwa akabaki na watoto wadogo, na shamba jekundu lililoiva kama chungu.

Siku ya kuondoa matanga, shemeji yake mkubwa, Senkondo, akasema mbele ya watu:

"Shemeji, pole sana. Lakini desturi yetu unaijua. Shamba lisilozaa linarudi kwenye ukoo. Likizaa, utamchagua mtu mmoja umpe malimbuko, kikapu kizima, bila kukigawa. Huyo ndiye atakuwa mlezi wa shamba. Hata mimi sitaweza kuligusa bila ridhaa yake. Lisipozaa, watoto tutawalea sisi, na wewe utarudi kwenu."

"Nimesikia, shemeji," akasema Nakijwa. Akaingia jikoni, akalia, akaomba, akatoka na jembe.

Alipanda mahindi. Hayakuota. Alichimba atafute walau nyungunyungu mmoja. Hakumwona.

Ndipo akaja jirani, Mbonea, amebeba mbegu za maharage begani. Alikuwa ametoa nusu ya mbegu zake, na nusu ya shamba lake mwenyewe ikakaa tupu msimu ule. Wapita njia wakamcheka.

"Mbonea, unapanda maharage au unayaoka?"

"Nayaoka," akajibu. "Mkisikia harufu, njooni na sahani."

Maharage yakaota, Mungu ashukuriwe. Yakapasua ule udongo mgumu, yakafika kimo cha kiganja, kisha yakawa ya njano, yakakauka kabla ya kutoa maua. Nakijwa akakusanya kuni ayachome pale pale.

"Acha, mwanangu!" Aliyesema ni mama mkwe wake, Bibi Nambua. "Marehemu aliichoma ardhi hii ili watu wapate pa kulala. Simlaumu, nilimzaa mwenyewe. Lakini hapa halichomwi tena hata jani."

Bibi akayalaza yale maharage chini. Juu yake akatandaza majani ya migomba na samadi ya mbuzi, akivileta kwa mgongo wake uliopinda, kila asubuhi, akipumzika njiani na kusali.

"Bibi, leo unalitandikia shamba kitanda?" wakamtania.

"Ndiyo, wajukuu. Ninangoja wageni."

Mvua ikanyesha. Siku moja Nakijwa akainua jani akamkuta nyungunyungu, mwekundu, mnene, anajikunja. Alipiga magoti palepale, akamshukuru Mungu kwa mnyoo.

Ikafika zamu ya wifi yake, Naetwe, aliyeolewa ng'ambo ya mto. Alikuja kuwasalimu watoto wa kaka yake. Akaokota shina kavu la mharage, akatazama mizizi.

"Wifi, hii mizizi ni mitupu kama uzi. Kwangu mizizi ya maharage ina vinundu kama shanga, ukikipasua kimoja ndani ni chekundu. Sijui ni nani anayekaa humo. Najua tu kwamba yenye vinundu hukaa ya kijani, na yasiyo navyo ni haya."

"Nitavipata wapi, wifi?"

"Vimo kwenye udongo wa shamba langu."

Nakijwa hakuthubutu kuuomba. Kwao, mtu akitoa udongo wa shamba lake akampa mwingine, ilisemekana ametoa baraka ya nyumba yake. Mume wa Naetwe aliposikia kwamba mkewe anataka kuutoa, alisimama mlangoni.

"Ukivuka mto na udongo wangu, kaa hukohuko!"

Naetwe akavuka nao, kikapu kichwani. Mbonea akatoa mbegu tena, zamu hii zile alizowawekea watoto wake ziwe chakula. Wakazilowesha, wakazipaka ule udongo moja moja, wakazipanda katikati ya majani ya Bibi.

Msimu ule maharage yalifunika shamba lote kwa kijani. Waling'oa shina moja wakaona vinundu, na nyungunyungu wakianguka kutoka kwenye mizizi. Walivuna wakiimba nyimbo za kanisani, na Nakijwa akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Senkondo akaja. "Shemeji, Mungu amekupa. Mlezi ni nani?"

Nakijwa akainua kikapu, asijue pa kukielekeza.

Mbonea akasema: "Mimi si wa ukoo, nitasema kidogo. Kama pasingekuwa na mharage, hao wa kwenye vinundu wangekaa wapi? Wangekula nini? Mimi nilipanda huku watu wote wakicheka."

"Ulipanda, kaka yangu, na tunakushukuru," akasema Naetwe, "lakini yalikuwa ya njano. Udongo wangu ndio ulioyapa rangi. Na mimi sina tena nyumba ya kurudi."

Bibi Nambua akakohoa. "Udongo wako, binti yangu, ungetua juu ya tofali, jua likaukausha kabla ya jioni. Nani aliandaa mahali pa kulala? Meno sina, maharage hayo nitayamung'unya tu. Lakini nataka kuona shamba la mwanangu limesamehewa."

"Shemeji, yachukue maharage yote uwagawie," Nakijwa akamwomba Senkondo. "Kila mmoja kati ya hawa Mungu alimtuma kwangu."

"Mlezi ni mmoja. Jua likizama hujamtaja, shamba ni letu, na watoto wanalala kwangu."

Kati ya wale watatu, hakuna aliyenyoosha mkono, na hakuna aliyerudi nyuma. Nakijwa akamshukuru Mungu kwa ajili ya wote watatu, akiwataja kwa majina. Kisha akafumbua macho, na jua lilikuwa limegusa mlima.

Ninyi mnaonisikiliza, ambao mmeshakula maharage mara nyingi bila kuuliza yalitoka wapi, mwambieni upesi. Aliyetoa mbegu, aliyelitandikia shamba, au aliyevuka mto na udongo: je, kikapu kile kilikuwa cha nani?