Betri Iliyotazama Ukuta

Jumanne, tarehe 8 Julai 2014. Asubuhi ile baridi ya Njombe ilikuwa imeingia mpaka kwenye udongo. Jalidi ilitanda nyeupe juu ya majani ya viazi, na ukungu haukuondoka hadi saa nne. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilipiga magoti shambani kuomba, na nilipoinuka sketi yangu ilikuwa imelowa magoti yote mawili.

Nawatajia siku hiyo, wanangu, kwa kuwa mmeniuliza. Mmemsikia katibu wa kwaya akiwaambia wale wawili waliogombania kinanda, "Betri ikimpa mwenzake kisogo, taa haiwaki," nanyi mkacheka, mkataka kujua nani aliyeyasema maneno hayo kwanza. Yalisemwa hapa hapa kijijini, na mimi nilikuwepo. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa na miaka hamsini na moja nilipoanza masomo ya jioni. Utotoni niliishia darasa la saba, kisha nikaolewa, nikalima, nikalea. Watoto walipotawanyika nikaona nisife bila kujua kilichokuwa ndani ya vitabu vyao. Tulisomea ukumbi wa usharika wa kanisa letu, kuanzia saa kumi alasiri hadi jua lizame. Tulikuwa kumi na wanne, na mwalimu wetu wa fizikia aliitwa Mwalimu Kaduma. Kila siku mimi nilifika wa kwanza. Nilifagia, nikapanga viti, nikaongoza sala ya kufungua. Wenzangu waliniita mama wa darasa, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyodhani.

Kisha akaja Lusungu Mlowe. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, mshona nguo pale sokoni. Alianza nyuma yetu kwa miezi minne, na kabla mvua hazijakatika alikuwa ametupita wote.

Mwalimu Kaduma alikuwa na namna yake ya kufundisha mizunguko ya umeme yenye betri zaidi ya moja. Aliweka taa ya lori katikati ya meza kubwa, betri mbili zikakaa pande mbili za meza, waya zikaziunganisha pamoja na taa. Halafu alitusimamisha, akatutembeza kuizunguka meza, wazee kwa vijana, kana kwamba tunapeleka sadaka madhabahuni.

"Chagueni mwelekeo mmoja," alisema, "na asirudi mtu nyuma. Ukifika kwenye betri ukaingilia ncha nyeusi na kutokea nyekundu, sema jumlisha. Ukiingilia nyekundu na kutokea nyeusi, sema toa. Ukirudi ulikoanzia, una jibu lako."

Basi tulizunguka tukiimba, "Jumlisha tisa, toa tatu," mpaka wapita njia wakatuita kwaya ya betri.

Mimi neno hilo la "toa" halikuniingia. Niliona betri ni nguvu, na nguvu ikikutana na nguvu lazima iwe nguvu zaidi. Katika zoezi moja lenye betri ya volti tisa na nyingine ya volti tatu iliyofungwa kinyume, niliandika kumi na mbili. Lusungu aliandika sita. Mwalimu akaliinua daftari la Lusungu juu, darasa zima lione.

"Mama Mgaya," akaniambia kwa upole, "ukifunga ng'ombe wawili kwenye jembe moja, huyu anatazama Makambako na yule anatazama Songea, utalima?"

Darasa likacheka. Na mimi nilicheka, kwa meno tu.

Tangu siku ile nilianza kumtazama Lusungu kwa jicho jingine. Niliona jinsi mwalimu alivyotaja jina lake. Niliona viatu vyake vilivyokuwa safi wakati vyangu vilikuwa na tope la shamba. Alipoanza naye kuwahi, nikamkuta ameshafagia, nilichukua ufagio nikafagia tena pale pale alipopita. Aliniletea daftari lake ninakili, nikamwambia, "Asante mwanangu, macho yangu hayaoni mwandiko mdogo." Kesho yake akaja ameninakilia mwenyewe kwa herufi kubwa. Niliichukua ile karatasi, nikaikunja, nikawashia moto wa jikoni. Wema wake uliniumiza kuliko kama angenitukana.

Nanyi mnajua mimi ni mtu wa sala. Hapo ndipo pa kuogopa, maana wivu wangu nao ukajifunza kupiga magoti. Kila jioni niliomba hivi: "Bwana, mfundishe Lusungu unyenyekevu. Na ikikupendeza, mfundishe mbele ya watu." Nikasema amina, nikalala nikiwa na amani.

Mwezi wa sita mwalimu akatuletea habari. Zahanati yetu ilikuwa imepata umeme wa sola wenye betri mbili, kwa ajili ya chumba cha kujifungulia. Kamati ya zahanati ilitaka mtu mmoja wa kuutunza, naye achaguliwe kutoka darasa letu.

Niliitaka kazi ile kwa moyo wote. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa katika chumba kile usiku wa mvua. Mkunga alikuwa peke yake, hana mikono ya kutosha, akanipa kibatari nijishikilie mwenyewe huku nasukuma. Mafuta ya taa yalinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Niliapa moyoni siku moja chumba kile kitapata mwanga, na niliposikia habari ya sola nilijua Mungu ameniita mimi. Sikuwaza hata kidogo kwamba anaweza kuita wawili.

Lusungu naye aliiomba kazi ile, basi mwalimu akapanga kwamba Jumanne ile, saa tisa alasiri, mimi na Lusungu tufunge betri mbili kwenye taa ya lori mbele ya kamati ili ichague mmoja, kila mtu betri yake. Taa ile ilihitaji volti ishirini na nne, na kila betri ilikuwa ya kumi na mbili.

"Kila mmoja asimame upande wake, aitazame taa," alituagiza. "Ncha nyekundu iwe mkono wake wa kulia. Mkifanya hivyo, betri zote mbili zitasukuma kwa mwelekeo mmoja."

Siku ikafika. Wazee watatu wa kamati wakaingia na makoti yao mazito, mbele yao Mzee Nyagawa, mwenyekiti. Tukawaamkia, wakaketi. Lusungu akasimama upande wa pili wa meza, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, tutazamane ili tuonane tunavyofunga. Nikikosea uniambie."

Mimi nikasikia kingine kabisa. Nikasikia kwamba anataka kuiona kazi yangu mbele ya wazee anisahihishe.

"Wewe fanya yako, binti," nikamjibu. "Mimi sihitaji mlinzi."

Nikaibeba betri yangu nikaitoa mezani, nikaiweka juu ya benchi lililokuwa ukutani. Nikasimama katikati ya benchi na meza, mgongo wangu ukimkinga asione. Nikaomba kimoyomoyo. Nikakumbuka agizo: nyekundu mkono wa kulia. Nikageuza betri, nyekundu ikawa mkono wangu wa kulia barabara, nikakaza waya, nikaziunganisha na zile za mezani, kila waya na uliokuwa karibu nao.

"Tayari," nikasema, na nikahakikisha nimesema kabla yake.

"Tayari," akasema Lusungu.

Mwalimu akabonyeza swichi. Taa haikuwaka. Akabonyeza tena. Hata uzi wa ndani haukuwa mwekundu.

Mzee Nyagawa akainamisha kichwa, akaitazama taa kwa karibu. "Mwalimu, hii inaanza kuwaka leo au tulete chakula cha jioni?"

Wazee wenzake wakacheka kidogo. Damu ikanipanda usoni.

"Betri yake imekufa," nikasema, nikimwonyesha Lusungu kidole. "Hawa watoto hawachaji vitu. Nilijua."

Mwalimu akachukua mita ya kupimia volti, akaipima betri ya Lusungu: kumi na mbili. Akaja kwangu, akaipima yangu: kumi na mbili. Zote zilikuwa nzima.

"Basi ni taa," nikasema.

"Mama," akasema Lusungu, "tuizunguke meza."

"Mbele ya wazee?"

"Ndivyo tulivyofundishwa. Mimi nitatangulia, wewe utafuata."

Sikuwa na pa kukimbilia. Akaanza kwenye betri yake, kidole chake kikifuata waya. Akaingia ncha nyeusi, akatoka nyekundu. "Jumlisha kumi na mbili," akasema, kisha akaufuata waya kando ya dirisha mpaka kwenye benchi langu. Pale akasimama. Angeweza kulitaja kosa yeye mwenyewe. Alikuwa ameshaliona, nilijua kwa jinsi alivyotazama chini. Akanipisha.

Nikaweka kidole kwenye ncha ya kwanza iliyokutana na ule waya. Ilikuwa nyekundu. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Nikiitazama taa, kulia kwangu ni mlangoni. Nikiutazama ukuta, kulia kwangu ni dirishani. Nililishika agizo lote isipokuwa lile la kutazama taa. Kwa kumpa Lusungu kisogo, nilikuwa nimeigeuza na betri yangu, nayo ilikuwa inasukuma dhidi ya yake, nguvu sawa kwa nguvu sawa.

Lile neno lililonishinda miezi yote lilikuwa mdomoni mwangu, na hakukuwa na mwingine wa kulisema.

"Toa," nikasema. "Toa kumi na mbili."

"Inabaki ngapi?" akauliza Mzee Nyagawa.

"Sifuri, mzee."

"Kumbe betri mbili nzima zinaweza kuwa sifuri?"

"Zinaweza," nikajibu. "Mmoja akigeuka."

Sala yangu ilikuwa imejibiwa, wanangu, unyenyekevu ukafundishwa mbele ya watu. Mungu alibadilisha jina tu.

Nikazifungua waya. Nikaibeba betri nikairudisha mezani, nikasimama nikiitazama taa, na nyuma ya taa nikauona uso wa Lusungu. Alikuwa analia, na mimi sikujua kwamba alikuwa ameumia muda wote ule. Nikaweka nyekundu mkono wa kulia.

"Niangalizie, mwanangu," nikamwambia.

Akainama, akaangalia. "Iko sawa, mama."

Mwalimu akabonyeza swichi, na ile taa ya lori ikawaka mpaka wazee wakakinga macho.

Wazee wakanong'onezana. Mzee Nyagawa akakohoa, akaanza kusema maneno marefu kuhusu umri na heshima, nami nikaona anatafuta njia ya kutoniaibisha. Nikaomba ruhusa ya kusema kabla yake.

"Wazee wangu, na wewe mwalimu, na nyinyi wenzangu wa jioni, mnisikie wote ili siku nikisahau mnikumbushe. Karatasi aliyoniandikia huyu binti niliichoma moto, na sala zangu zilikuwa dhidi yake, si kwa ajili yake. Taa za zahanati atazitunza Lusungu. Nilijishikilia kibatari mwenyewe katika chumba kile. Sasa mbele ya Mungu na mbele yenu naahidi kwamba kila atakapofunga waya, nitasimama upande wa pili nikimtazama usoni, nitaufuata mzunguko pamoja naye nikihesabu kwa sauti, na penye kutoa nitasema toa, hata kama ni betri yangu. Sitamgeukia tena ukuta. Leo nimeona kwa macho yangu: betri ikimpa mwenzake kisogo, taa haiwaki."