Mfuniko wa Bi Mize

Palikuwa na sultani katika mji wa Shumbani, jina lake Harub, aliyependa kuonekana kuliko alivyopenda kula, na kula alikupenda sana. Mji ule ulikuwa na stesheni yake ya televisheni, mlingoti wake uko juu ya kilima, na kila siku baada ya magharibi Sultani alitokea kwenye kioo kuwahutubia raia. Akatoa amri: nikitokea, kila mtu asimame, maana nimeingia nyumbani mwake mimi mwenyewe. Mzee Shaali, muuza mkate wa kumimina, alikaa kwa kuwa goti lilimuuma. Jirani akamchongea, akatiwa jela.

Hilo halikumtosha. Sultani akavuta waya kutoka kasri mpaka kila nyumba, akatangaza kwamba hakuna ruhusa kutazama televisheni, hata hiyo stesheni ya hapo hapo mjini, ila kwa waya wake wa kulipia. Watu wakanung'unika chini chini, wakalipa.

Bi Mize hakulipa. Si ubishi, hana cha kulipa. Mumewe, marehemu Faki, alikuwa fundi redio, na kabla hajafariki alimtengenezea antena kwa mfuniko wa sufuria ya pilau, akaufunga kwenye mwanzi juu ya paa. Picha ilikuja safi, safi kuliko ya kasri, maana waya wa Sultani ulikuwa ukitafunwa na panya. Bi Mize alipokuwa eda, yuko ndani, haonani na mwanamume wa kando, hata muuza maji akiacha ndoo mlangoni na kwenda zake, televisheni ndiyo iliyokuwa mwenzake. Na akisikia mfuniko ukigongagonga kwa upepo, alihisi Faki bado yuko juu ya paa anarekebisha.

Eda ilipokwisha tu, askari wa waya akapita, akasikia taarabu ikitoka katika nyumba isiyo na waya. Akapanda, akaung'oa mfuniko, akaupeleka barazani pamoja na Bi Mize mwenyewe.

Sultani alikuwa amekaa, Kadhi yuko kuliani kwake, na nyuma ya pazia mkewe, Bibi Mkubwa, anajipepea. Adhabu ilikuwa inajulikana: mfuniko utapondwa hapo hapo, na televisheni itahamia kasri. Bi Mize aliogopa, mtu asikudanganye. Lakini ulimi wake haukuwahi kujua kuogopa.

"Umetazama bila waya wangu?" Sultani akauliza.

"Nimetazama, bwana."

"Nani kakupa ruhusa?"

"Picha zilifika zenyewe. Ningezifukuza kwa ufagio?"

"Hewa ya mji huu ni yangu, na kila kinachopita ndani yake ni changu."

"Hata moshi wa dagaa wa jirani?"

"Hata huo."

"Basi njoo uuchukue, bwana. Uko chumbani kwangu tangu Ijumaa."

Kadhi akapatwa na kikohozi, akajificha nyuma ya kilemba chake. Sultani akapandwa na hasira, akaamuru mfuniko upondwe. Askari akainua nyundo. Bi Mize akaomba aruhusiwe swali moja tu, halafu wafanye watakalo. Sultani, kwa kupenda kuulizwa, akamruhusu.

"Yule anayetokea kila jioni, ambaye akitokea mimi husimama na kiuno changu hiki kibovu, ni picha au ni wewe?"

Sultani akafikiri. Akisema ni picha, Mzee Shaali yuko jela kwa kosa gani?

"Ni mimi."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Sheikh Kadhi, umesikia?"

Kadhi alikuwa amesikia. Bi Mize akajifunga buibui vizuri.

"Sheikh, mimi nilikuwa eda. Muuza maji hakuniona hata kidole. Lakini mwanamume huyu, kama alivyosema kwa kinywa chake mwenyewe, alikuwa akiingia chumbani kwangu kila jioni. Hodi hapigi. Ananikuta na kanga moja, na haondoki mpaka usingizi unichukue."

Nyuma ya pazia, upepeo ukasita.

"Nilikuwa natangaza bei ya karafuu," Sultani akasema haraka.

"Karafuu uliitaja, sikatai. Lakini mlango nilitia komeo, na waya, kama ulivyosema, sina. Sasa mweleze Bibi Mkubwa, kwangu ulikuwa ukipitia wapi?"

Pazia likatikisika, na sauti ya Bibi Mkubwa ikatoka taratibu, kavu kabisa: "Mjibu, mume wangu. Hata mimi nasikiliza."

Jasho likamtiririka Sultani mpaka kwenye joho. Akamtazama Kadhi, Kadhi akatazama dari.

"Ilikuwa picha," akasema. "Picha tu. Wallahi, picha tupu."

Bibi Mkubwa akamtaka arudie ili na walio nje wasikie. Akarudia. Kadhi akasema, "Picha tupu iliyokuja yenyewe haina mwizi," na askari akashusha nyundo. Bi Mize akainama, akauokota mfuniko wake, akaufuta vumbi pole pole kwa upindo wa buibui.

"Basi Mzee Shaali aachiwe arudi kwenye mikate yake," akasema. "Na leo jioni ukitokea, bwana wangu, uniwie radhi. Nitakutazama nimejilaza."