Sauti ya Gia ya Shaba

Hodi ilibishwa wakati Fundi Meno ameshika kwa kibano tairi lisilozidi kifungo cha koti. Hakuwa akitarajia mgeni. Mumewe, aliyekuwa akipiga pasi sebuleni, alikwenda kufungua, kisha akarudi amepandisha nyusi.

“Mke wangu, kuna mtu mlangoni amejaa fremu nzima. Anauliza kama hapa ndipo kwa daktari wa vigari.”

“Mwambie daktari yupo. Aingie na mgonjwa wake.”

Mgeni aliingia akiinamisha kichwa kukwepa kizingiti. Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mwenye mabega mapana kama kabati la nguo, lakini kopo la biskuti alilokuja nalo alilishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mayai. Alisema ameelekezwa na muuza betri wa barabara ya pili. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akafungua kopo taratibu. Ndani yake, juu ya pamba, kililala kigari chekundu kilichopauka. Bodi yake ilikuwa imepasuka juu ya gurudumu la nyuma, na matairi yalikuwa yamekauka na kuchanika kama visigino vya kiangazi.

Fundi Meno alivuta pumzi kwa furaha. Mchana alifanya kazi katika karakana ya meno ya bandia, na ndiko alikopatia jina hilo. Lakini akirudi nyumbani aliingia chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo zamani, akawasha taa yenye shingo ya kupinda, akawa mtu mwingine. Hapo palikuwa na benchi lake, tupa zilizopangwa kuanzia nene hadi nyembamba kama sindano, chupa za rangi, na mitungi ya skrubu. Hapo alifufua vigari vya mfereji: magari ya kuchezea yenye ukubwa wa kiganja, yanayokimbia juu ya barabara ya plastiki iliyochimbwa mfereji katikati. Chini ya pua ya kila kigari kuna ulimi mdogo unaozama katika mfereji huo usitoke njiani, na kandokando ya mfereji kuna vyuma viwili vinavyolisha mota umeme. Mchezaji hushika kishikio chenye kitufe. Akibonya, gari linakimbia, akiachia, linapunguza mwendo. Akizidisha kwenye kona, gari huruka na kuangukia ukutani.

“Hiki ni cha dada yangu mkubwa,” alisema dereva. “Utotoni alikuwa ananifunga nacho kila siku. Kila siku, fundi! Nikimwambia ameniibia, ananijibu, ‘Lia polepole, mama asisikie.’”

Fundi Meno alicheka. Dereva naye alicheka, kisha uso wake ukatulia.

“Sasa macho yake yamezima. Hataki redio, hataki wageni. Nimemwomba aje kuishi nasi, amekubali shingo upande. Lakini juzi, nikifungasha vitu vyake, nikamtajia kigari hiki. Akacheka! Akasema hata leo angekiendesha, maana tangu zamani alikiendesha kwa masikio. Kikipanda sauti, yuko kwenye sehemu iliyonyooka. Kikianza kushusha, kona imefika, anaachia kitufe. Mimi nilikuwa nakodoa macho tu, ndiyo maana nilifungwa.”

“Na barabara yenyewe mnayo?”

“Ipo kwangu, chini ya kitanda. Nimeitunza.” Akasogeza kopo mbele. “Rangi paka utakayo. Taa, milango, chochote badilisha. Ila sauti yake usiiguse. Niahidi hilo tu. Jumamosi asubuhi nitapita naye hapa, tukiwa njiani kuondoka.”

“Nimeahidi,” alisema Fundi Meno, akampa mkono. Lilikuwa neno jepesi. Mtu hulitoa kama anavyompa mwenzake glasi ya maji.

Jumamosi hiyohiyo, saa nne, kulikuwa na mashindano ya vigari vya kale, katika ukumbi ulio nyuma ya duka la mbao. Sharti lake lilikuwa moja lisilopinda: kila kipande ndani ya gari kiwe cha enzi za gari lenyewe. Mshindi hakupewa kikombe. Alipewa kitu ambacho wapenzi wa vigari walikitamani kuliko kikombe, yaani haki ya kuchora barabara itakayotumika mwaka mzima unaofuata. Fundi Meno alikuwa na mchoro wake ukutani, wenye kona inayojikunja kama konokono, ambayo hakuna aliyewahi kuithubutu. Mwaka uliopita gari lake, Nyigu, lilishindwa na gari la Kinyozi kwa upana wa ukucha. Tangu siku hiyo, Kinyozi kila akimwona njiani alimwuliza, “Fundi, leso ya kufutia machozi ya mwaka huu umeshanunua?” Naye alimjibu, “Nimekununulia wewe.” Mwaka huu Nyigu alikuwa tayari. Mota yake ilikuwa imesukwa upya na matairi yamesuguliwa hadi yakashika barabara kama gundi. Fundi Meno alijua atashinda, na hakuona haya kulijua.

Kazi ya kigari chekundu ilikwenda kama maji mteremkoni. Aliiosha bodi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akaziba ufa, akaunda matairi mapya kwa kalibu ya plasta kama aundavyo fizi. Halafu akafumba macho na kukipapasa kigari, akajiuliza mtu asiyeona atakitiaje mferejini bila kuhangaika. Akakitengenezea mstari ulioinuka kidogo, kutoka pua hadi mgongoni, ili kidole kijue mbele ni wapi. Taa za mbele aliziunda kwa unga wa meno ya bandia.

“Sasa kinatabasamu,” alisema mumewe, akichungulia na kikombe cha chai mkononi.

“Kina meno mazuri kuliko yako.”

“Ndiyo maana nilioa fundi.”

Ilibaki gia ya nyuma, kigurudumu cha shaba chenye meno, kinachopokea nguvu ya mota. Aliiweka chini ya kioo cha kukuzia. Jino moja lilikuwa limezidi mengine kimo. Kutwa nzima kazini, Fundi Meno hufanya jambo moja: akiona jino la bandia limezidi, hulipunguza ili la juu na la chini yakutane sawasawa. Mkono ukafuata mazoea. Ukachukua tupa, ukalipunguza. Sasa la jirani likaonekana limezidi, akalipunguza nalo. Kisha la tatu. Aliizungusha gia akiimba kwa pua, mpaka meno yote yakalingana, ya kupendeza kama ya mwanamitindo.

Aliirudisha mahali pake, akakiweka kigari kwenye barabara fupi ya majaribio, inayozunguka na yenye mifereji miwili, akabonya kitufe. Gia ikakwaruza, ikateleza, ikakwaruza tena, kama kibogoyo anayetafuna mfupa. Kigari hakikusogea.

Fundi Meno alibaki amekishika kitufe. Alielewa mara moja. Meno ya kinywani hukutana kwa kugusana tu. Ya gia huishi kwa kuumana. Aliyoyapunguza hayaumani tena.

Alijaribu kuyaongeza kwa risasi ya kulehemu, lakini risasi ni laini, ikalika kabla kigari hakijazunguka vya kutosha. Aliwapigia simu wanachama wenzake wote. Gia za shaba za aina ile zilikwisha kutengenezwa zamani, na hakuna aliyekuwa na ya akiba. Mwisho akafunga gia mpya ya plastiki. Kigari kikakimbia vizuri ajabu, kimya kama paka juu ya zulia.

“Si hicho kinakwenda?” mumewe alisema.

“Kinakwenda, lakini hakisemi.”

Mumewe akavuta kigoda, akakaa. Alimjua mkewe, aliona macho yake yamekwenda kwenye rafu, alikokaa Nyigu.

“Usiniambie.”

“Ni kampuni moja, mwaka mmoja. Gia ni ileile.”

“Mke wangu, nisikilize. Yule bwana mwenyewe alisema alikuwa anakodoa macho tu. Hiyo sauti hata haijui. Mpe kigari kizuri hivi, atakushukuru mpaka akuchoshe. Mashindano yakiisha, ukitaka mtumie hiyo gia.”

“Atafika Jumamosi na dada yake. Yule mama atabonya kitufe, atangoja sauti, asisikie kitu. Unadhani akienda huko ataomba kujaribu tena?”

“Na Nyigu?”

“Nyigu akifungwa gia ya plastiki, hana sifa ya kushindana.”

“Na kona yako ya konokono?”

Fundi Meno aliweka kigari chekundu benchini. Alitazama mchoro ukutani, na kusema kweli machozi yalimlengalenga, kwa kuwa kupenda kitu kidogo si kupenda kidogo. Kisha akavuta bisibisi.

“Nishikie taa,” alisema.

Mumewe akasogeza taa karibu. Nyigu alifunguliwa tumbo, gia ikatoka inang'aa, ikaingia katika kigari chekundu kana kwamba ilizaliwa humo. Mara hii Fundi Meno hakuichukua hata tupa mkononi. Alibonya kitufe, na chumba kikajaa mlio mwembamba, mkali, wenye kupanda na kushuka.

Asubuhi ya Jumamosi alimpigia simu Kinyozi, aliyekuwa mwandalizi mwaka huo.

“Lifute jina langu.”

“Ala! Umeogopa kabla sijatoa gari kwenye boksi?”

“Gari langu halina gia. Nimeitoa.”

“Umeitoa leo? Umeitoa umpe nani?”

“Mtu niliyemwahidi.”

 Kinyozi, aliyekuwa na neno kwa kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake, aliguna tu. “Sasa nitamtania nani mimi?” alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Lori lilisimama mbele ya nyumba likihema. Dereva alimshika mkono dada yake hadi chumba cha nyuma. Alikuwa mwanamke mwembamba, amefunga kilemba vizuri, na amekaza midomo kama mtu aliyeletwa hospitali bila hiari yake.

“Shikamoo, dada,” alisema Fundi Meno.

“Marahaba. Huyu kanisumbua njia nzima na habari zako. Hebu nikione hicho kigari, maana kuona kwangu ni huku.” Akanyoosha vidole. Vilipita juu ya bodi, vikafika kwenye mstari ulioinuka, vikasimama. “Huu haukuwapo.”

“Nimeuongeza. Unakuonyesha mbele.”

 Yule mama alifuata mstari hadi puani, akapapasa barabara, akatia ulimi wa kigari mferejini kwa jaribio la kwanza bila kusaidiwa. Fundi Meno akamwekea kishikio mkononi. Kidole kikabonya.

Mlio ukapanda. Yule mama aliinamisha kichwa upande mmoja. Mlio ulipoanza kushuka, kidole kikalegea. Kigari kikapita kona kikitetemeka, kisha kikalia tena. Mzunguko wa pili ukawa wa kasi zaidi. Wa tatu ukawa wa kasi kuliko ambavyo Fundi Meno mwenyewe angethubutu. Kwenye kona ya mwisho kigari kiliruka, kikagonga ukuta na kubiringika.

“Nimezidisha!” alipiga ukelele yule mama, na kicheko kikamtoka chote, cha msichana mdogo. “Kaka, umesimama wapi? Shika kishikio cha pili nikufunge!”

“Tutaondoka saa ngapi, dada?”

“Lori lina mguu? Litaondoka peke yake?”

Wakati dereva akihangaika na kishikio kilichopotelea katika kiganja chake, Fundi Meno alikiokota kigari, akakikagua, akasema, “Dada, sitaki nikufiche. Gia yenu niliiharibu mimi kwa kuisugua. Hii imetoka kwenye gari langu.”

Yule mama alimgeukia. “Kumbe kina koo la kuazima! Na gari lako litakwenda na nini?”

“Leo haliendi. Lilikuwa na mashindano saa nne.”

“Saa nne ya leo hii?” Kicheko kikakatika. “Basi ichomoe. Kaka, tutangoja. Akashindane kwanza, ndipo atupe.”

“Mkingoja hadi jioni, mtasafiri usiku kucha,” alisema Fundi Meno. “Na mimi sikusema nitaitunza sauti kama haitanigharimu. Nilisema nitaitunza.”

Yule mama alitafuta mkono wake hewani, akaupata, akaushika kwa nguvu. Kisha akarudi kwenye kishikio, na dereva, aliyepewa kigari kingine kutoka rafuni, akafungwa mara mbili mbele ya mashahidi.

Saa nne ilipogonga kwenye saa ya sebuleni, Fundi Meno alikuwa amepiga magoti, akizungushia kigari chekundu pamba mpya ndani ya kopo ili kisiumie njiani. Alikipanga vizuri, akafunika, akaliweka kopo mapajani mwa yule mama, ndani ya lori. Mjini, vigari vingine vilikuwa vinaanza kukimbia, na barabara ya mwaka ujao ingechorwa na mkono mwingine. Lori liliondoka, naye akarudi ndani akiwa amenyoosha mgongo, kwa kuwa alilolitamka kwa mdomo alikuwa amelitimiza kwa mikono: ahadi ni deni.