Kilikuwa Changu

Wamesimulia waliotutangulia kwamba huko Kilwa Kivinje, katika enzi ya serikali ya Kiingereza, aliishi mjane mcha Mungu, Bi Somoe binti Abdurabi. Riziki yake ilikuwa kuuza vitumbua kila baada ya sala ya alfajiri, na chuma cha kuvikaangia alikuwa nacho kimoja tu.

Chuma hicho kiliibwa. Kwa siku saba alikitafuta bila kukiona. Siku ya nane, mbele ya majirani, akatamka kwamba amemhalalishia yeyote aliyekichukua, kiwe mali yake, kwani hakupenda Mwislamu afufuliwe amebeba chuma chake shingoni.

"Na kesho utakaanga kwa nini, shoga?" akauliza jirani yake, Bi Tabu. "Kwa uradi na tasbihi?"

Tangu hapo Bi Somoe akawa anatwanga mpunga wa watu kwa ujira, hata viganja vikachubuka.

Baada ya miezi miwili, askari wakakikuta chuma nyumbani kwa hamali mmoja, Mfaume. Akashitakiwa, naye akakiri. Ikabaki mali kutambuliwa ili irudishwe. Hakimu akamuuliza Bi Somoe, kupitia karani, kama chuma kile ni chake.

"Kilikuwa changu," akajibu.

Karani akamnong'oneza, "Sema ni chako, bibi. Hakimu hataki nahau."

Akarudia vilevile, kisha akaeleza alivyokihalalisha. Hakimu akasikiliza kwa adabu, akasema kwamba sheria huutazama wizi siku ulipotendwa, na msamaha wa baadaye haufuti kosa. Akamhukumu Mfaume kifungo cha miezi minne, akaamuru chuma kirudi kwa Bi Somoe.

Alikipokea kwa kuitii amri. Alipofika nyumbani alikisugua, akakifunga katika kitambaa, akakiweka juu ya kabati. Kesho yake akaenda tena kutwanga. Bi Tabu akamwambia kwamba serikali yenyewe imempa, sasa anaogopa nini?

"Serikali imerudisha chuma," akasema. "Neno langu haikulirudisha."

Miezi minne ikapita hivyo, na zipo siku alizolala na njaa, chuma kikiwa palepale juu ya kabati.

Mfaume alipofunguliwa, Bi Somoe akampelekea chuma. Yule bwana akainamisha uso.

"Bibi, mimi nilikiiba hiki."

"Kilikuwa cha wizi siku saba. Siku ya nane nilikupa. Nimekuwekea amana tu."

Mfaume akakipokea, akakigeuzageuza. Hatimaye akauliza, "Ni changu kweli?"

"Ni chako."

"Basi naweza kumpa nimtakaye."

"Waweza."

Akamnyooshea chuma kwa mikono miwili. "Nakupa, mama. Kwa radhi yangu."

Bi Somoe akakipokea, akamshukuru Mola wake. Asubuhi iliyofuata akawasha moto, na mteja wake wa kwanza alikuwa Mfaume.

Ndugu zangu, hakimu alihukumu kwa haki, wala hatumlaumu. Lakini amri yake ilifika kwenye mali tu, na mtu akabaki alipokuwa. Mfaume alirejea siku ile alipotoa kwa mkono wake. Si kila tulichopoteza kitarudishwa kwetu hapa duniani. Mwenyezi Mungu atujaalie subira kwa kisichorudi, na uaminifu kwa kilichobaki mikononi mwetu.